Kipande Kikijaa Ndipo Ulipwe

Vijana ninaowafundisha ufundi hapa Bungu, milimani Usambara, wanaamini kwamba kupigwa kalenda kumekuja na simu. "Fundi, nakurushia jioni," na jioni haifiki. Mimi ni fundi wa mbao: napaua, natengeneza milango na madirisha, na muda mwingi unaobaki naumalizia kwenye kudai. Huwa nawaambia mchezo huu una umri mkubwa kuliko bati la kwanza lililopandishwa milimani huku.

Wazee walitusimulia kazi iliyolipwa siku ileile. Mwenye shamba alialika watu, wakalima, jioni wakaketi kwenye boha, pombe yetu ya miwa. Aliyebania boha msimu huu, msimu ujao alilima na mkewe. Sisemi ilikuwa peponi; mwenye miwa mingi ndiye aliyejaziwa watu. Lakini jua halikuzama na deni.

Deni la kazi lilipanda mlima pamoja na Wajerumani. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote ya bondeni. Ikaja kodi ya nyumba, reli ikazidi kusonga, na kufikia 1902 treni ya Tanga ilikuwa imefika Korogwe. Walowezi wa Usambara walikuwa na ardhi, hawakuwa na mikono. Msambaa alikuwa na migomba yake na maharage yake; akienda kwa mzungu alikwenda kutafuta rupia ya kodi, akishaipata anarudi kwake. Ndipo mwaka 1907 serikali ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ikaleta kadi: kila mwanamume amfanyie mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeweza kuonyesha kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali, kwa ujira mdogo zaidi.

Waingereza walipoingia hawakuitupa akili ile. Mashamba ya mkonge yaliendelea na kipande, kadi yenye nafasi 30, nafasi moja kwa kazi ya siku moja, na kwa kawaida ulipewa siku 42 uijaze. Hela kamili ilitoka kadi ikijaa. Baba yangu alikata mkonge bondeni miaka ya hamsini, na hadi uzee wake alikuwa akimwiga nyapara akihesabu mafungu: fungu moja likipungua majani, siku nzima haiandikwi. Jasho limetoka, nafasi imebaki tupu. Tena sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimfanya mkosaji wa jinai mfanyakazi aliyetoroka mkataba. Angalieni hapo, nawaambia vijana: anayecheleweshewa hela akiondoka, anayefuatwa na askari ni yeye.

Mimi siamini kwamba waliocheleweshwa zaidi walikuwa wajinga. Walikuwa mbali na kwao. Baba alikuwa na njia ya kupanda mlima Jumapili akala ndizi za mama yake. Manamba, kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka Burundi au Njombe, hakuwa na pa kupanda. Alikula posho ya shamba, akalala kambi ya shamba, na hela yake ilikuwa kwa karani wa shamba. Ndiyo maana wenye mashamba walitafuta watu wa mbali, hata wakaunda ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, mwaka 1944. Sisi wa milimani walituita wavivu. Mtu mwenye chakula nyumbani huonekana mvivu sana kwa asiyetaka kumlipa vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunzia kudai. Lawama na makelele hayanisaidii, maana mteja anayenizungusha leo haniiti kibarua, ananiita mjomba. "Mjomba, si wewe ni wa nyumbani?" Undugu huo hausikiki dukani anaponunua bati, kule analipa kwanza. Shamba langu la maharage nalilima mwenyewe, ili njaa isinilazimishe kukubali nusu. Na mpangilio wa kipande nimeugeuza: kazi naikata vipande, kila kipande kina hela yake, na cha mwisho kinabaki mkononi mwangu. Advansi inanunua mbao na misumari. Kenchi zikisimama, awamu ya pili. Vitasa na funguo vinakaa kwenye mkoba wangu mpaka hesabu ifungwe. Yote yanaandikwa kwenye daftari, vipimo na bei, mteja anasaini.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mwajiriwa, na akidhulumiwa ana tume ya usuluhishi ya kwenda. Fundi wa mlango mmoja hajaajiriwa na mtu. Njia yake ni kwa mtendaji wa kijiji, ikishindikana Mahakama ya Mwanzo, na kule bila karatasi ni mdomo wako na mdomo wake.

Mwaka mmoja mtoto wa hapa anayeishi Dar alinipa nyumba ya kumalizia kabla ya sikukuu. Advansi alituma, kenchi alilipa, kisha danadana zikaanza: benki ina tatizo, mtandao uko chini, bosi amesafiri. Milango ilikuwa tayari, imeegemea karakana yangu. Sikumpigia tena. Wiki ya Krismasi alipiga mkewe, sauti ya upole kabisa, akiuliza wageni watalalaje nyumba iko wazi. Nikamsomea daftari lote, mstari kwa mstari, na tarehe zake. Hela iliingia mchana uleule, pungufu ya nauli yangu, ambayo mwenye nyumba alidai nitakuwa nimeshaipata kwenye kazi ya mlango wa jirani. Milango nikafunga yote. Kitasa cha chumba chake yeye nikakifunga keshokutwa yake, nauli ilipoingia.