Ufundi wa Kumpokonya Hasimu Mpira

Katika rasimu ya kanuni za kandanda iliyojadiliwa London mwishoni mwa mwaka 1863, na wajumbe wa klabu waliokuwa wakikutana katika jumba la Freemasons' Tavern, kilikuwamo kifungu ambacho msomaji wa leo akikisoma atadhani ni mzaha: kwamba mtu akikimbia na mpira kuelekea lango la upande wa pili, basi hasimu yeyote ana ruhusa ya kumkumba, kumkamata, kumpiga ngwala, kumpiga teke la muundi au kumpokonya mpira wenyewe, ila haijuzu mtu mmoja kukamatwa na kupigwa mateke kwa wakati mmoja. Huruma ya watunga kanuni ilikomea hapo.

Mjadala uliozuka juu ya kifungu hicho ulikuwa mkali. Ebenezer Morley, katibu wa FA, chama kipya cha kandanda ambacho wajumbe hao walikiunda, na mwanasheria kwa kazi yake, alishikilia kwamba watu wazima wenye shughuli zao mjini hawatakubali kucheza mchezo utakaowarudisha nyumbani wakichechemea. Naye Francis Campbell wa klabu ya Blackheath akajibu kwamba kuyaondoa mateke ni kuuondoa ushujaa, na kwamba yeye angeweza kuleta Wafaransa, wakafanya mazoezi ya juma moja tu, wakawashinda Waingereza wote. Mwezi wa Desemba kura zikamwendea Morley, Blackheath wakajitoa, na mwaka 1871 wakawa miongoni mwa waasisi wa chama cha raga, ambacho nacho, ajabu ya mambo, hakikukawia kuyakataza mateke yale yale.

Mimi naona kwamba ufundi wa kupokonya mpira ulizaliwa kwa katazo lile. Maadamu beki aliruhusiwa kuuvunja mguu, hakuwa na haja ya kuutazama mpira. Alipokatazwa mguu, ilimbidi ajifunze mpira unavyokwenda, na lini unamtoka mwenyewe kwa kadiri ya hatua moja, kwani hatua hiyo moja ndiyo milki yote ya mlinzi. Kukumbana bega kwa bega kulibaki halali, na hata kumkumba golikipa kulivumiliwa kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka: katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1958, Nat Lofthouse wa Bolton alimkumba golikipa Harry Gregg wa Manchester United, mpira ukaingia wavuni pamoja na mwenye kuudaka, na mwamuzi akalikubali bao.

Waskoti walipozoea kupasiana, mlinzi alipata mtihani wa pili, kwa sababu sasa mpira ulikuwa mwepesi kuliko mtu. Na mwaka 1925, sheria ya kuotea ilipopunguzwa ikataka wachezaji wawili badala ya watatu baina ya mshambuliaji na mstari wa lango, mabao ya Daraja la Kwanza la Uingereza yakapanda kutoka 1,192 hadi 1,703 katika msimu mmoja. Arsenal ya Herbert Chapman, baada ya kufungwa 7–0 na Newcastle mwezi wa Oktoba mwaka ule, ikamrudisha kiungo wake wa kati awe beki wa tatu, na tangu siku hizo akawapo mtu uwanjani ambaye kazi yake hasa ni kukaba.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mchezo ulifika mabishano ya mateke yakiwa yamekwisha, lakini ulichezwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na viatu. Timu ya Uganda ilipozuru Uingereza mwaka 1956, baadhi ya wachezaji wake walicheza miguu mitupu. Jambo hili limezungumzwa aghalabu kama kichekesho, hali ni somo. Mwenye unyayo mtupu hathubutu kuutia baina ya mpira na daluga la mwenziwe. Sharti asome nia ya mpasi kabla mpira haujaondoka, apite mbele, auchukue njiani bila kumgusa mtu. Nadhani ndiyo sababu wazee wetu wanaosifu mabeki wa zamani husifu macho yao kabla ya nguvu zao.

Kama ni lazima nichague mfano mmoja wa ufundi huu, nitauchagua wa tarehe 7 Juni 1970, mjini Guadalajara, Uingereza ilipocheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Jairzinho wa Brazil, ambaye ndiye aliyelifunga bao pekee la siku ile, aliingia eneo la hatari kwa kasi, mbele yake akiwa beki wa Uingereza Bobby Moore, mtu ambaye hakuna aliyepata kumsifu kwa mbio. Moore hakumrukia. Alirudi nyuma akimkabili, akayastahamili machachari ya mwenziwe pasipo kuyajibu, hata Jairzinho alipousukuma mpira kupita kiasi kidogo tu, ndipo aliponyosha mguu wa kulia, akautwaa mpira, akainuka nao na kuondoka kana kwamba amekabidhiwa.

Wakati huo huo kulikuwa na waliotaka kuifanya kazi hii iwe ya umati. Viktor Maslov, aliyeipa Dynamo Kyiv ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1966, 1967 na 1968, aliwafundisha watu wake kumsonga mwenye mpira huko huko katikati ya uwanja. Na Uholanzi ya Rinus Michels, katika Kombe la Dunia la 1974, ikawa inamwendea mtu mmoja kwa wachezaji watatu au wanne pamoja, naye asipate wa kumpasia.

Kuhusu wale waliobaki na rafu, sheria iliwafuata polepole. Mshambuliaji Marco van Basten, mmoja wa walioumizwa na rafu hizo, alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1993, kifundo cha mguu kikiwa kimeharibika, akastaafu mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 30. Na mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa, ikaamuliwa kwamba kumvamia mtu kwa nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake ni kadi nyekundu. Walimu wa vijana, ambao mara nyingi huanza kwa kufundisha kuteleza chini kwa sababu watazamaji hushangilia, wangefanya vema waanze kwa kumfundisha kijana kusimama wima, na wamwonyeshe picha za Guadalajara.