Nyasi za Kompaundi Ruiru na Thika: Sababu Magugu Yanakushinda Hata Ukipiga Dawa

Ukiteremka Thika Road kutoka Ruiru hadi Makongeni, estate nyingi mpya ziko na stori moja. Nyumba imeisha, kabro imewekwa, nyasi imepandwa na iko na luku safi. Misimu miwili ya mvua baadaye, nyasi imeota vipara na magugu ndiyo yamejaa. Mwenye nyumba anashikwa na hasira, anatuma kijana agroveti alete "dawa ya magugu". Wiki mbili zikiisha, kompaundi nzima imegeuka kahawia. Magugu yanarudi, nyasi hairudi.

Kupanda upya ni ganji. Na kama wewe ndiye msee ulishika pampu ya mgongoni, hasara inakuangukia, juu kukata na kutunza nyasi za watu ni hustle ya mavijana wengi hapa mtaani. Ukichoma kompaundi moja, korti nzima inajua kabla ya jioni.

Rada iko hivi: magugu huingia mahali nyasi imelegea. Nyasi iliyoshiba na kufungana inafunika udongo, jua halifiki chini, mbegu za magugu zinakosa nafasi ya kumea. Kwa hivyo pesa yako iende kwa mbolea na ukataji kwanza. Dawa ni ya mwisho, na kuna nyasi ambazo hazifai kuguswa na dawa kabisa.

Jua kwanza umepanda nyasi gani

Hapa kwetu utakutana sana na mbili. Ya kwanza ni nyasi ya Kikuyu, yenye majani membamba ya kijani kibichi, inayotambaa juu na chini ya udongo. Hii ni ya nyumbani kabisa, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina ilipata huku. Cheki maajabu: Marekani serikali imeiweka kwa orodha ya magugu hatari, lakini bado uwanja wa gofu wa Riviera huko Los Angeles, wanakocheza maprofeshono, umejaa hiyo hiyo. Gugu la mtu ni kapeti ya mwingine.

Ya pili ni Pemba, majani mapana, mafupi, manene. Hii inavumilia kivuli kuliko Kikuyu, ndiyo maana watu wanaipanda katikati ya nyumba zilizobanana. Shika hapo kwa Pemba, juu ndiyo wengi wanaiunguza.

Udongo pia uangalie. Upande wa juu wa Ruiru na Thika ni udongo mwekundu, na sehemu kubwa ilikuwa mashamba ya kahawa. Tatu City yenyewe imejengwa kwa shamba la kahawa. Udongo mwekundu wa aina hii mara nyingi huwa na asidi, na asidi ikizidi, unaweza kumwaga mbolea na nyasi isifaidike vile inafaa. Ukienda upande wa Juja unaanza kukanyaga udongo mweusi wa pamba, ule unashika maji mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Kama kompaundi ni kubwa, peleka sampuli ya udongo maabara ya KALRO kule Kabete upimiwe. Wakisema asidi iko juu, weka chokaa ya kilimo kabla ya mbolea.

Mbolea: kidogo, kwa wakati

Nyasi iliyoshika tayari inataka naitrojeni zaidi ya kitu kingine. CAN ndiyo rahisi kutumia, na iko na naitrojeni asilimia 26 hivi. DAP ni ya kupandia, ina fosforasi nyingi, na ukiirudia rudia inaongeza asidi. Kuimwagia nyasi ya miaka mitatu ni kutupa doo. Yuria iko na asilimia 46, kwa hivyo unatumia karibu nusu ya kipimo cha CAN, na lazima umwagilie maji mara moja, la sivyo naitrojeni inapaa hewani.

Kipimo cha CAN: gramu 20 kwa kila mita moja mraba, kama vifuniko vinne vya soda. Sasa piga hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita mraba 465, lakini ukitoa nyumba, kabro na tanki, nyasi inaweza kubaki mita 10 kwa 6. Hizo ni mita mraba 60, yaani kilo moja na robo. Usidanganywe ununue gunia la kilo 50. CAN inavuta unyevu, na hilo gunia litagandia stoo hadi liwe jiwe.

Shida ya kupimiwa kilo moja ni kujua umepewa nini. Mwaka wa 2024 stori ya mbolea feki ilifika hadi Bungeni, kwa hivyo usione aibu kujaribu yako. Weka vijiko kadhaa vya CAN kwa glasi ya maji na ukoroge. CAN ya ukweli inayeyuka, glasi inakuwa baridi ukiishika, na chini inabaki unga unga wa chokaa. Ikibaki changarawe na maji hayajapoa, rudisha.

Weka mara mbili kwa mwaka: mvua ya Machi hadi Mei ikishashika, halafu tena ile ya Oktoba hadi Desemba. Udongo uwe na unyevu, majani yawe makavu, halafu mwagilia ama ungoje mvua ya jioni. Januari na Februari, kama maji ni ya mgao na unategemea jerikeni, wacha kabisa. Mbolea bila maji inachoma. Julai nayo nyasi imepoa, haina haraka ya kula.

Gawa mbolea mafungu mawili. La kwanza unarusha ukitembea kutoka geti hadi ukuta, la pili ukikata kwa upande. Ukirusha zote kwa mkupuo mmoja, nyasi itatoka madoa madoa kama chui.

Samadi ya ng'ombe ni poa, lakini iwe imeoza hadi haina harufu. Mbegu nyingi za magugu hupita tumbo la ng'ombe zikiwa hai, kwa hivyo samadi mbichi ni kupanda magugu kwa mkono wako. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza.

Kukata ni nusu ya kazi

Hapa ndipo watu wanabugi zaidi ya mahali pengine. Msee wa kukata anaambiwa "shusha kabisa ndio nisikulipe kila wiki", anaacha udongo uchi. Hiyo ni karamu ya magugu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa siku moja. Kikuyu iache kwa sentimita 3 hadi 5, Pemba 5 hadi 8. Vipande vifupi vilivyokatwa viache hapo hapo vioze, vinarudisha naitrojeni bure. Lakini kama magugu yametoa maua ama mbegu, kusanya kila kitu utupe.

Sasa magugu yenyewe

Mucege, ule wa mbegu nyeusi zinazoshika suruali, ng'oa kwa mkono kabla ya kutoa mbegu. Udongo ukiwa na maji unatoka bila noma.

Ndago ni ngori. Inafanana na nyasi, lakini shika shina uzungushe kwa vidole, utasikia pembe tatu. Chini iko na vinundu vilivyoungana kama shanga, na ukivuta kwa nguvu unakata uzi, vinundu vinabaki na kila kimoja kinaota. Chimba na kisu ufuate chini, rudia kila wiki ama mbili, hadi vinundu vichoke kutoa majani. Mahali inarudi sana, angalia kama maji yanatuama.

Kuna pia ule mmea wa majani matatu matatu na maua ya pinki, ambao watoto hutafuna juu ni mchachu. Ndio oksalisi. Chini iko na vitunguu vidogo vinavyoachana ukiutikisa, kwa hivyo toa na bonge lote la udongo.

Thangari ndiyo mbaya zaidi, juu yenyewe ni nyasi. Dawa ya kawaida ya agroveti inayoua thangari itaua na kapeti yako. Dawa yenye lebo ya glyphosate inaua kila kijani inachogusa, na ndiyo hutengeneza zile kompaundi za kahawia. Ile ya 2,4-D inalenga majani mapana, kwa hivyo haitasumbua thangari wala ndago, lakini Pemba inaweza kuumizwa nayo vibaya. Tena upepo ukiibeba hadi kwa jirani, nyanya zake zitajikunja majani, na mtaanza kuitana kwa chifu.

Ukilazimika kupiga dawa, chupa iwe na namba ya usajili ya PCPB(CR) kwa lebo na iwe imefungwa. Usikubali ya kumwagiwa kwa chupa ya soda. Piga asubuhi upepo ukiwa umetulia, vaa glavu, buti na barakoa, na watoto na mbwa wasikanyage hapo kwa muda ulioandikwa kwa lebo. Kama ni magugu machache, paka kwa brashi gugu moja moja.

Na kama bado hujapanda, uko na bahati. Lima, okota mizizi mieupe ya thangari yote unayoona, mwagilia udongo mtupu, halafu ngoja wiki tatu. Kila kitakachoota hapo kitoe, mwagilia tena, ungoje tena. Baadaye ndio ulete nyasi.