Ritifaa ya Chang'ombe: Mchango katika Istilahi za Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya alama moja ndogo ya maandishi ya Kiswahili, yaani ritifaa, na jinsi inavyotulazimisha kuichagua upya istilahi moja ya kompyuta. Istilahi yenyewe ni ile ambayo wanafunzi huitaja kwa matamshi ya kukopa, stringi, na ambayo baadhi ya wafasiri huiita "mfuatano wa herufi".

Anayeanza kujifunza kuandika programu hukutana mapema na vitu viwili, orodha na hiyo stringi. Orodha haina matata. Orodha ya bei, ya wajumbe, ya wagonjwa: neno lilikuwapo, nayo kompyuta haikuongeza jambo ila desturi yake ya kuzihesabu nafasi kuanzia 0. Stringi ndiyo yenye mashaka. Hiyo ni alama zilizopangwa moja baada ya nyingine na kushikwa pamoja kama kitu kimoja, kama vile jina la mtu, anwani, au sentensi nzima.

Natumchukue mwanafunzi wa Upanga, jirani na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ile iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, penye makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Aandike kwa lugha ya Python orodha ya sehemu za jiji anazozijua: Upanga, Kariakoo, Chang'ombe. Python huruhusu kila jina lifungwe kwa alama moja ya kunukuu mwanzo na mwisho, na alama hiyo ndiyo hiyo hiyo ritifaa. Upanga na Kariakoo yatapokewa. Ikifika Chang'ombe, mashine itasoma "Chang", itaiona ritifaa, itadhani jina limekwisha, na "ombe" lililobaki litaifanya ikatae kazi nzima. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kufungia jina kwa alama mbili za kunukuu. Lakini asiyeijua dawa huidondosha ritifaa, Chang'ombe ikawa Changombe. Na likiwa ni jina la mtu, mwenye jina hujikuta ana tahajia mbili katika hati mbili.

Ritifaa hiyo ilitoka wapi? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, makao yake Dar es Salaam. Wakati huo huo wataalamu waliokuwa London walikuwa wakizipendekezea lugha za Kiafrika herufi ŋ kwa sauti hii. Kiswahili hakikuifuata. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaandika ng'ombe kwa ritifaa, kama tuandikavyo leo. Taipureta za siku zile zilikuwa nayo alama hiyo tayari, na kwa msomaji ng' ilikuwa sauti moja, isiyochanganyika na ng ya ngoma wala ya Upanga. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani uliwapa watu maandishi ambayo kila karani aliweza kuyapiga chapa.

Kompyuta iliingia katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Kwa hiyo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilipokuwa likitoa vijitabu vyake vya kwanza vya Tafsiri Sanifu, mashine yenyewe ilikuwa haitakiwi. Ni vigumu kuunda maneno ya chombo ambacho hakuna anayekigusa. Ilikuwa hadi mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki katika mradi wa KiLinux na kutoa Jambo OpenOffice, ndipo programu nzima ya kazi za ofisini ilipozungumza Kiswahili.

Sasa turudi kwenye "mfuatano wa herufi". Mashine haijui herufi kwa maana yetu. Inajua alama na namba zake. Katika mpangilio wa ASCII, ulioanza Marekani mwaka 1963, ritifaa ina namba 39 na a ndogo ina namba 97. Mwanafunzi akiiamuru mashine ipange orodha yake, Chang'ombe itatangulia mbele ya Changanyikeni. Jina hilo hilo likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na simu nyingi na ambayo namba yake ni 8217, litakuja nyuma ya Changanyikeni. Mtaa mmoja umekuwa miwili, tena kila mmoja upande wake! Mwalimu aliyekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba stringi ni mfuatano wa herufi atalieleza vipi jambo hili, hali kilicholeta tofauti si herufi?

Afasiriye kwa kamusi atasema "uzi". Hatuliungi mkono neno hilo. Uzi mtupu si shanga, na tena neno hilo linahitajika kwa utaratibu mwingine, ule wa kazi kadhaa kwenda sambamba ndani ya programu moja. Tunapendekeza "tungo". Kitenzi kutunga kinajulikana kwa muuza shanga wa Kariakoo na kwa mvuvi apitishaye kamba katika samaki wake, na hakibagui kinachotungwa: iwe herufi, tarakimu, nafasi tupu au ritifaa. Wanasarufi watasema tungo ni lao. Ni kweli, lakini shina ni la mti, ni la neno, na ni la chama, wala hatujamwona aliyepotea kwa sababu hiyo.

Hivyo orodha ya mwanafunzi wetu ina tungo tatu, nao urefu wa kila tungo uhesabiwe kwa alama: Upanga 6, Kariakoo 8, Chang'ombe 10.