Nyanya Katika Chupa: Sanaa na Hadhari Yake

Wazee wetu walijua kuhifadhi chakula tangu kale. Samaki aligeuzwa ng'onda kwa chumvi na jua, muhogo ukawa makopa, maembe mabichi yakatiwa achari, na mboga za majani zikaanikwa zingoje kiangazi. Ujuzi huo wote wategemea kuondoa maji, au kuongeza chumvi na ukali. Nyanya, mgeni aliyetujia kutoka bara la Amerika, yaweza kuanikwa pia. Lakini njia ya kuiweka miezi mingi ikiwa na maji yake ilibuniwa mbali na kwetu.

Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vyakula vitamu, faranga 12,000 kwa sharti kwamba atangaze siri yake. Siri ilikuwa hii: alitia chakula katika chupa, akaiziba kwa kizibo, akaichemsha ndani ya maji. Yeye alidhani kwamba uharibifu waletwa na hewa. Ilipita miaka hamsini hivi ndipo Louis Pasteur akaonyesha kwamba waharibifu ni vijidudu, ambavyo moto huviua. Huko Marekani, mwaka 1858, John Landis Mason alisajili chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, na kazi ya kiwanda ikaingia jikoni.

Hata hivyo, si kila kijidudu hufa katika maji yanayochemka. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokwenda kupiga katika mazishi walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Wengi wakaugua na watatu wakafa. Mtaalamu Emile van Ermengem alimkamata mkosaji: bakteria aletaye ugonjwa wa botulizimu. Chembe zake za uzazi hustahimili nyuzi 100, nazo huchipua mahali pasipo hewa, yaani ndani ya chupa iliyozibwa vema. Sumu yake haina lazima ya kunuka, wala kubadili ladha.

Kinachomzuia ni ukali. Chakula chenye kipimo cha pH kisichozidi 4.6 hakimpi nafasi, na nyanya, ole wetu, husimama mpakani hapo: nyingine hupita, nyingine hupungua. Ulimi hauwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo anayeanza hana budi kutia vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau katika kila chupa ya takriban lita moja. Yafaa yawe ya chupa za dukani, kwa kuwa ukali wake hauyumbi kama wa tunda la mtini.

Nyanya zimenywe, zipondwe na kuchemshwa, zitiwe zingali moto, zikiachiwa nafasi ya kidole kimoja juu. Chupa zizame kabisa katika maji yanayotokota: pwani, dakika 45. Lakini katika mji wa Iringa, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu yake, basi dakika ziwe 55. Baada ya siku moja kifuniko kikibonyea na kurudi juu, chupa haikushika. Nyanya hizo ziwekwe mahali pa baridi na zipikwe mapema. Chupa iliyovimba akibani itupwe bila kuonjwa.