Kuku Mgeni na Kamba Yake

Wazee wetu walisema: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hizi mjini Bukavu kuku wageni ni wengi. Huja wakiwa vifaranga wa siku moja, ndani ya masanduku ya karatasi ngumu yenye matundu, na wengi wao huvuka mto Ruzizi kutoka ng'ambo. Huitwa chotara, maana wazazi wao ni wa mbegu mbalimbali. Mama wa Kadutu au Bagira aliyeagiza vifaranga mia moja huwapokea kwa furaha, akifikiri ada ya shule ya watoto wake. Ana haki ya kufurahi. Lakini yafaa, wasomaji wapenzi, tujue kuku hawa walitoka wapi, na kamba yao imefungwa wapi.

Kutotoa mayai bila mama kuku si jambo jipya. Wamisri wa kale walijenga matanuri ya udongo, wakatotoa humo maelfu ya mayai kwa moto mdogo uliolindwa usiku na mchana. Mwaka 1879, huko Petaluma katika Marekani, Lyman Byce alitengeneza mashini ya kutotolesha ambayo ilifaa kwa biashara. Mashini hufanya kazi ya mama kuku: hushika joto lipatalo digrii 37 na nusu, huyageuza mayai, na siku ya 21 vifaranga hutoka.

Je, kifaranga asiye na mama awezaje kusafiri mbali? Mwenyezi Mungu amemwekea posho ya safari. Kabla ya kuvunja ganda, kifaranga huvuta tumboni mwake kiini kilichobaki cha yai, na chakula hicho chaweza kumtunza siku mbili, hata tatu. Joseph Wilson, mtu wa New Jersey, alipeleka vifaranga kwa gari la moshi mwaka 1892, na mwaka 1918 posta ya Marekani ikakubali kuwachukua kama ichukuavyo barua. Hivyo ndivyo ilivyoanza biashara ambayo leo yafika mpaka mlangoni petu.

Basi, tuje kwenye habari ya uchotara. Mtu wa kwanza kuifahamu vema kanuni ya urithi alikuwa padre mtawa, Gregor Mendel, katika monasteri ya Brno. Alichavusha njegere ndefu kwa njegere fupi. Watoto wote wakawa warefu. Akazipanda mbegu za watoto hao, na katika wajukuu, karibu mmoja kati ya wanne akarudi kuwa mfupi! Alitangaza habari hiyo mwaka 1866, na watu hawakumsikiliza. Mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alionyesha ya kuwa kanuni ile ile yafuatwa na kuku pia, kwa kutazama vilemba vyao.

Hapo ndipo ilipo kamba. Ukichanganya mbegu mbili zilizochaguliwa vizuri, watoto wa kwanza huwa na nguvu: hukua upesi, hutaga sana, nao hufanana. Lakini watoto wa watoto hao hutawanyika. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Mmoja hutaga, mwingine hula bure. Wafanya biashara waliielewa faida ya jambo hili. Henry Wallace, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Marekani, alikwisha kuuza mahindi chotara; mwaka 1936 kazi hiyo ikaanza kwa kuku. Tangu siku hizo kampuni za mbegu huwaweka babu na bibi wa kuku nyumbani mwao, na sisi hutuuzia watoto na wajukuu tu. Mwenye kutaka tena, sharti anunue tena.

Katika nchi zetu chotara wamesaidia watu wengi, nasi hatuwadharau. Kuku wa kienyeji hutaga mayai yapatayo 40 hadi 60 kwa mwaka. Kuroiler, kuku wa India aliyeletwa Uganda kwa majaribio mwaka 2010, aweza kutaga 150 au zaidi, na bado huokota chakula uwanjani kama wetu. Sasso, ambaye mbegu yake ni ya Ufaransa, amepokewa vizuri Rwanda na Tanzania. Lakini kuku hawa walichaguliwa kwa kutaga, si kwa kulea. Ni nadra kuwaona wakiatamia. Kwa hiyo hata mayai yao wenyewe yahitaji mashini, au mama kuku wa kienyeji.

Tena, mgeni huyu ana masharti yake. Bukavu ni mji wa mlimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku huwa baridi. Juma la kwanza kifaranga ataka joto la digrii 32 hadi 35. Kisha lapunguzwa kidogo kila juma mpaka manyoya yaote. Wengi hutumia mbabula ya makaa. Na waangalie sana: chumba kisipopitisha hewa, moshi usioonekana huua vifaranga, na watu pia. Chakula nacho chataka mahindi, soya na samaki mkavu. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao huitwa pia mdondo au kideri, hutolewa katika majuma ya kwanza na kurudiwa.

Kwa habari ya samaki, tukumbuke jambo moja la ziwa letu. Sambaza hawakuwamo Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, wakatiwa majini, wakazaana wenyewe. Leo watoto wetu huwaona kama wenyeji. Sambaza alikuwa mgeni, lakini kamba yake ilikatwa siku alipotiwa majini. Kuku chotara haikatwi yake. Kila kundi jipya lategemea barabara, mpaka ulio wazi, na fedha mkononi.

Na sisi watu wa Bukavu twajua vema maana ya njia kufungwa. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji tangu Agosti hadi Novemba. Oktoba 1996 vita viliuingia tena. Juni 2004 vikarudi. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa wapita njia kwa sababu ya Covid, na wachuuzi wadogo wakakosa riziki. Februari 2025 M23 waliingia mjini, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Wala si vita tu. Januari 2017 homa ya ndege ilipoonekana Uganda kando ya ziwa Victoria, Rwanda na Kenya zilikataza mara moja kuku wa kutoka huko. Na mwaka ule ule homa hiyo ilifika Ituri, katika nchi yetu wenyewe.

Siku kama hizo, aliyekwisha kuuza kuku wake wote wa kienyeji ili anunue chotara abaki na nini? Akila chotara wake wa mwisho, banda limekwisha. Lakini mama kuku mmoja wa kienyeji na jogoo wake, wakiwa uani na mchwa na makombo ya jikoni, waweza kuanza ukoo upya bila kumwomba mtu wa ng'ambo kitu chochote. Mayai yake ni machache, lakini huyaatamia mwenyewe.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Agizeni chotara, mkiweza kuwapa joto, chakula na chanjo. Ni kazi njema, yalisha nyumba. Lakini wekeni kando kuku wa kienyeji wachache, walio bora, wala msiwauze hata bei iwe nzuri namna gani. Wachanjeni nao, maana mdondo hauchagui mgeni wala mwenyeji, na huwaua wenyeji wengi kila mwaka. Walaleni mahali pao, mbali na vifaranga wageni, wasiambukizane. Tena msiwachanganye ovyo na majogoo chotara mpaka mbegu ya nyumbani ikapotea, kwa kuwa ikipotea haiuzwi mahali popote.

Wazee waliotuambia habari ya kuku mgeni ndio hao hao waliosema: Usiache mbachao kwa msala upitao.