Chumvi, Mchemko na Istilahi Zake

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za sayansi. Dai hilo hupungua nguvu tukiitazama historia ya kazi moja kongwe, nayo ni upishi wa chumvi.

Katika pwani ya Mtwara, kutoka Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Mto Ruvuma, maji ya bahari hupanda hadi nyuma ya mikoko, kisha jua huyakausha na kuacha chumvi udongoni. Watu wa pwani wameipata chumvi kwa njia mbili: kwa jua, katika mashamba ya chumvi, na kwa moto, kwa kuchemsha majichumvi. Njia ya moto haikuwa ya pwani peke yake. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, uchimbuzi wa mambo ya kale wa mwaka 1967 ulidhihirisha kuwa maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Maji matupu, katika usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi joto 100. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, huchemka kwa nyuzi joto 100.6 hivi. Kadiri maji yanavyopungua chomboni ndivyo chumvi inavyokolea, na kiwango cha mchemko hupanda hata kukaribia nyuzi joto 109. Hapo maji hayawezi kubeba chumvi zaidi, nayo hujitenga kwa fuwele na kutua chini. Sababu ni kwamba chumvi hupunguza kanieneo ya mvuke wa maji, na maji hayachemki mpaka kanieneo hiyo ilingane na ya hewa. Kanuni ya upungufu huo iliwekwa na Mfaransa François-Marie Raoult katika miaka ya 1880. Lakini gramu 10 za chumvi katika lita moja ya maji ya ugali hazipandishi hata nyuzi joto 0.2.

Sasa tutazame maneno. Ukolezi umetokana na kukolea, neno la jikoni. Mmumunyo umetokana na kumumunya, yaani kulainisha kitu kinywani mpaka kiishe. Yote mawili yamekwisha kuingia katika vitabu vya shule.

Tatizo limebaki katika kuyeyuka. Katika mazungumzo, barafu huyeyuka juani na chumvi huyeyuka majini. Lakini chumvi peke yake huyeyuka kwa nyuzi joto 801, ilhali katika maji baridi humumunyika bila moto. Mfasiri akitumia neno moja kwa mambo hayo mawili, mwanafunzi atadhani kwamba maji yameipa chumvi joto hilo.

Hapana budi, basi, kuyeyuka kuachiwe kazi ya joto, na kumumunyika kupewe kazi ya maji. Neno tunalo, lililobaki ni kulitumia pahala pake.