Ugali wa Muhogo, Dagaa wa Nyasa na Maana ya Kusini

Katika lugha ya kisiasa ya nchi yetu, neno "Kusini" limebeba maana zaidi ya upande wa dira. Mtumishi wa umma akipangiwa kituo cha Kusini, jamaa zake humpa pole kabla ya kumpa hongera. Hata chakula hakikusalimika. Muhogo, ambao ndio nguzo ya mlo katika mwambao wa Ziwa Nyasa, tumezoea kuuita chakula cha njaa. Ninadai katika makala haya kwamba jina hilo halikutoka jikoni, bali lilitoka ofisini.

Hoja hii ilizuka mezani. Nilikuwa Mbaha, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, pamoja na rafiki yangu wa miaka mingi, mchumi mzaliwa wa Moshi. Tuliingia katika mgahawa mdogo ambao mwenyewe, mama wa makamo, hupika vyakula vya Kusini tu: ugali wa muhogo, dagaa wa Nyasa waitwao usipa, na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Rafiki yangu aliulizia wali. Alipoambiwa haupo, akanigeukia akicheka: "Daktari, mimi muhogo nilikula mwaka wa njaa. Leo kuna njaa gani?" Mama yule hakukasirika. Alimjibu kwa utulivu, huku akitunawisha mikono: "Baba, huku kwetu muhogo hatuuli kwa sababu tuna njaa. Tunaula, ndiyo maana hatuna njaa."

Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo historia yenyewe.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani za bara letu kuanzia karne ya 16. Wakulima wetu waliupokea kwa sababu wanazozifahamu vizuri: hustahimili ukame, huota katika udongo uliochoka, na huweza kukaa ardhini miezi mingi ukichimbwa kidogo kidogo. Sifa hii ya mwisho ina uzito wa kisiasa. Askari anaweza kuchoma ghala la mtama kwa kiberiti kimoja, lakini hana njia rahisi ya kuchoma chakula kilichofichwa ardhini.

Tusidhani huo ni mfano wa kufikirika. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yaliigeuza njaa kuwa silaha. Mashamba na maghala yalichomwa, na huko Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906. Makadirio ya waliopoteza maisha katika eneo lote la vita yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa iliyofuata.

Baadaye dola ileile iliyojua kutumia njaa kama silaha ikajitwika kazi ya kuizuia kwa amri. Chini ya utawala wa Waingereza, sheria ndogo zilizotekelezwa kupitia machifu zililazimisha kaya kupanda muhogo kama akiba ya njaa, na asiyetii aliadhibiwa. Baada ya Uhuru, tuliendelea na lugha hiyohiyo katika kampeni zetu, ikiwamo ile ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975. Hivyo zao ambalo mkulima alilichagua kwa akili yake liliandikwa katika mafaili kuwa zao la dharura, la kulazimishwa na la watu walioshindwa. Vizazi vilivyosoma shule vikarithi lugha ya mafaili.

Kilichofutwa katika lugha hiyo ni ujuzi. Muhogo mchungu una sumu, na kuuloweka, kuuanika, kuutwanga na kuuchekecha hadi upatikane unga salama ni elimu iliyohifadhiwa zaidi na wanawake. Mwaka 1981, ukame ulipolikumba jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu walikosa muda wa kuuandaa ipasavyo, na zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Anayedhani ugali wa muhogo ni chakula cha wasiojua lolote ajiulize ni nani angemfundisha kuupika.

Nusu ya pili ya sahani yetu ilikuwa samaki, na hapo historia inaingia majini. Usipa huishi katika maji ya kina, huzunguka kwa makundi, na wavuvi huwavua kwa mwanga wa taa usiku usio na mbalamwezi. Samaki hao hawajui mpaka. Lakini tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliopitisha mpaka katika ufuko wa mashariki wa ziwa. Ukisomwa neno kwa neno, mvuvi wa Mbaha yuko ugenini mara tu anapolowesha miguu. Baadhi ya ramani za enzi ya Waingereza zilionesha mpaka katikati ya ziwa, na serikali yetu ilipolitoa suala hilo hadharani mwaka 1967, Rais Banda wa Malawi alikataa. Mwaka 2012 mgogoro ulifufuka baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta. Hadi leo haujamalizika.

Mwambao huohuo una mfano mzuri wa jinsi maamuzi ya mbali yanavyovunja meza za watu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza Gwendolen, na Berndt, nahodha wa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, walikuwa marafiki waliokunywa pamoja. Tarehe 13 Agosti 1914, Rhoades aliikuta meli ya rafiki yake Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaipiga mizinga. Berndt, ambaye habari za vita hazikuwa zimemfikia, alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen akifoka na kuuliza kama mwenzake amelewa. Aliarifiwa kwamba kuna vita, na kwamba yeye ni mateka.

Sisi wa pande mbili za ziwa hatuna sababu ya kurudia kisa hicho. Huko Nkhata Bay, upande wa Malawi, ugali huu wa muhogo huitwa kondowole, na huliwa kwa usipa haohao. Mazungumzo ya mpaka yanayoendeshwa na wanasheria na wataalamu wa mafuta yangefaa yaanze na swali la msingi zaidi: ni nani wanaoishi kwa ziwa hili, na watavua wapi kesho?

Kwa upande wetu wa ndani, kuna kazi mbili. Kwanza, mitaala ya kilimo na lishe iutambue usindikaji wa muhogo kuwa maarifa yenye wenyewe, si mabaki ya umaskini. Pili, tuache kupima maendeleo ya Kusini kwa wingi wa wali sahanini. Rafiki yangu, ambaye ni mtu wa takwimu, alimaliza ugali wake na kuagiza mwingine. Ninakiri kwamba sampuli ya mtu mmoja haithibitishi nadharia, lakini ilitosha kumfanya aulize bei ya gunia la makopa kabla hatujaondoka.